Maikromita Ndani ya Unga wa Wimbi

Momanyi mwanangu,

Salamu tutapeana kesho asubuhi tukikuaga pale Kebirigo mbele ya watu, kwa hiyo hapa nazipita. Nimekasirika, na ni heri nikuambie mapema kuliko usome barua nzima ukijiuliza mzee ana nini.

Nimeikuta maikromita ndani ya unga wa wimbi.

Mmekwenda wote kwa babu yako akuombee safari ya kwenda kazini Nairobi. Nilisema kichwa kinaniuma, nikabaki. Wakati ule hakikuwa kinauma. Sasa kinauma kwelikweli. Nilibaki kwa sababu nilitaka kuiweka maikromita, chombo changu cha kupimia unene wa chuma, kwenye sanduku lako la bati kwa mikono yangu mwenyewe, juu ya nguo, mahali ambapo mtu akifunua tu anaiona. Nikaenda kwenye rafu, haipo. Nikainama chini ya kitanda, nikakuta kile kikasha chake cha mbao kimesukumwa huko, kitupu, kifuniko wazi. Sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilifungua mfuko wa unga aliokusagia mama yako, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaigusa chini kabisa, imeviringishwa kwa kitambaa cha kufutia vikombe.

Unga, Momanyi! Kitu laini kuliko vumbi, na chombo chenyewe kinaharibiwa na vumbi. Umeingia kwenye skrubu, umeingia kwenye mistari ya namba, umejaa kati ya zile nyuso mbili zinazokutana. Tangu mtoke niko hapa mezani na unyoya wa kuku na mafuta ya taa, na kila nikidhani imetakata, nikiizungusha inatoa unga tena kama mtoto anayecheua uji. Nimeisafisha mpaka nikasahau kula.

Najua shauri lilitoka wapi. Jana mjomba wako Makori alisimama nawe karibu na zizi, na koti lake lile la Nairobi alilopewa na Mzungu ambaye yeye humpikia, nami nilikuwa upande wa pili wa ua nikifunga ndama. Nilimsikia vizuri. "Momanyi, sikia mimi. Huko karakana ya reli hawapendi kijana ya kujua-jua. Ukifika, wewe ni mjinga. Wakiuliza unajua nini, sema unajua kufagia. Na hiyo chuma ya baba yako weka ndani ya unga. Askari wa stesheni Kisumu hawezi tia mkono kwa unga, ataogopa kuchafua sare."

Na wewe ukamjibu mjomba wako, "Ee, mame," kama mtu anayeongezwa chai.

Niliendelea kufunga ndama. Mtu hamgombezi shemeji yake, tena aliyekuja kumuaga mpwa wake, na Makori anaijua hiyo heshima na anajificha nyuma yake. Lakini wewe si shemeji yangu. Wewe ni mwanangu, umeshika chombo hiki tangu ukiwa huwezi kufunga vifungo vya shati lako, na umekubali kuingia Nairobi ukijifanya hujui ni nini. Hilo ndilo limenikalisha hapa.

Utajiuliza kwa nini sikungoji urudi nikuambie kwa mdomo, tena kwa lugha yetu. Kuna jambo ambalo lazima ulijue kabla hujaondoka, na siwezi kulisema. Umetahiriwa, wewe ni mwanamume, na kati ya baba na mwana wa namna hiyo kuna chinsoni, ile haya ya heshima. Kuna maneno hayatoki, na kuna mambo ya mwili wa baba ambayo mwana hayasikii. Nimelijaribu jambo hili kwa Kigusii nikiwa peke yangu shambani na hata migomba imenionea haya. Kwa Kiswahili naliweza, kwa sababu Kiswahili nilijifunza kazini, na kwangu ni lugha ya kazi. Kwa hiyo soma jambo hili kama jambo la kazi. Na kweli ni la kazi: kuna kitu nimekufundisha kimakosa, na ukiingia nacho karakana ile, kipande cha kwanza utakachopewa kupima utakiharibu. Watasema hawa ndio watu wa Kisii, na utakuwa huna la kujibu.

Ngoja nianze mahali pa kuanzia, maana hasira ikitangulia inavuruga mpangilio.

Tangu kabla hujazaliwa mpaka ulipokuwa ukitambaa, nilikuwa nafanya kazi mjini Kisii kwa Kalasinga mmoja ambaye sote tulimwita Fundi, hata mke wake. Alitengeneza malori na injini za kusaga, na alikuwa na mashine ya kukereza chuma iliyotikisa ukuta wa duka la jirani. Alikuwa na hasira za karibu, na kama bolti imeanguka chini alikuwa anaitukana bolti kwanza, kisha aliyeiangusha. Siku aliyonipa maikromita mara ya kwanza nipime shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, niliibana ile shafti kama mtu anayekamua nguo. Akanipiga kofi mkononi.

"Wewe nakaza hivi, wewe napima nguvu yako," akasema. "Mimi hapana taka jua nguvu yako. Mimi nataka jua chuma."

Ndipo akanionyesha kile kishikio kidogo cha mwishoni, kinacholia tik, tik na kuteleza chuma kikishaguswa vya kutosha. Ukisikia mlio huo unaacha. Hukazi zaidi, hata awe nani anakuangalia. Akanieleza kwamba inchi moja inagawanywa mara elfu, kila kipande wanakiita thau, na kwamba shafti na bushi yake, yaani ile pete ya shaba inamozungukia, huelewana au hugombana kwa thau mbili tatu tu. Sikuamini. Aling'oa unywele kichwani kwangu akaupima mbele yangu, kisha akafungua kilemba kidogo akavuta wa kwake akaupima pia, akanionyesha namba. Sikumbuki namba zenyewe. Nakumbuka jinsi nilivyosimama na kushangaa kwamba kitu chembamba hivyo kina kipimo na mimi naweza kukisoma.

Nilikaa naye miaka mingi. Alipofunga karakana ili ahamie Kampala kwa kaka yake, aliuza kila kitu, hata misumari iliyopinda. Maikromita hakuiuza. Alinipa mkononi, ndani ya kikasha chake, pamoja na ile spana ndogo kama kucha iliyobanwa kwenye kifuniko. "Chukua. Mkono yako nakwisha jua." Hakuandika barua yoyote ya kusema amenipa, wala mimi sikumwomba. Nani angefikiri mtu anahitaji barua ya kushika kitu chake mwenyewe?

Wewe uliiona mara ya kwanza ukadhani ni mtego wa panya, kwa sababu ina mdomo unaofunga. Uliitegea kipande cha kiazi kikuu. Sikukuchapa siku ile, nilicheka mpaka mama yako akaja kuangalia.

Huyo mama yako naye usimtazame vibaya kwa kuificha kwenye unga. Yeye chombo hiki amekipenda kwa namna yake tangu mwanzo, na namna yake imenigharimu. Unajua kile kinu cha maji cha wazee wa ukoo pale mtoni chini ya Manga. Bushi yake ilikwisha, wakaniita. Nilipokuja kuchukua maikromita nyumbani nikaikuta irongo, kwenye dari juu ya jiko, pamoja na mbegu za wimbi na mahindi ya kupanda. Mama yako alikuwa ameona kwamba msimu ule wa mvua kila chuma kinapata kutu, akaiweka mahali nyumba yoyote ya Mgusii inapoweka kitu isichotaka kukipoteza. Moshi unalinda mbegu, kwa nini usilinde chuma? Mimi nikaichukua, nikafuta nje, nikaenda mtoni nikapima shafti, nikampelekea fundi mwingine wa mjini namba, akakereza bushi.

Kinu kilipofunguliwa maji kilianza kucheza. Sikutanii, kilicheza. Kikapu cha mahindi kikarukaruka juu ya jiwe, kina mama wakakimbia nje na vichwa vyeupe kwa unga, na mzee mmoja akauliza kama kuna mtu amekiroga. Bushi ilikuwa pana. Masizi ya irongo, yale yenye unato, yalikuwa yameganda kwenye nyuso za maikromita, membamba usiyoweza kuyaona, na nikawa nimepima shafti pamoja na moshi wa jiko letu. Nilirudi nyumbani nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimwita mama yako majina. Yeye aliendelea kuchambua mboga. Na haki ilikuwa yake, kwa sababu Fundi alikuwa amenifundisha kila siku ya Mungu: kabla hujapima chochote, futa nyuso, funga mdomo, uone kama namba imekaa kwenye sifuri. Ningefunga kwanza ningeona uongo wote pale pale. Sikufunga, kwa kuwa wazee walikuwa wanasubiri nami nilitaka kuonekana mwepesi.

Sasa nakuja kwenye lile jambo. Weka taa karibu.

Ulikuwa umeanza shule. Mtu wa kinu cha Ogembo alituma neno nikamwangalizie shafti. Mama yako alikuwa na hofu tangu zamani ya mimi kutembea na kitu kile, na Makori alikuwa hapa kwa likizo, maana huyu mtu kwa bahati zangu yuko hapa kila ninapoondoka. Akanipa shauri. Sikiliza kama utalitambua. "Shemeji, ukishikwa nayo usijifanye mjuzi. Sema hujui ni nini, umeokota tu. Mtu mjinga hafungwi." Nami nikacheka, lakini likaniingia.

Nilipofika kwenye daraja kabla ya Ogembo kulikuwa na askari wanapekua kila mtu. Kulikuwa kumeibwa vyombo kwenye kambi ya Mzungu mmoja aliyekuwa akijenga barabara. Koplo akatia mkono kwenye koti langu, akatoa kikasha.

"Hii nini?"

Momanyi, nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu kuliko mtu yeyote kwenye daraja lile. Ningesema ni maikromita, ni yangu, nimepewa na Fundi niliyemfanyia kazi mjini, na ninakwenda kwa fulani kupima shafti, twende mkamuulize, nyumba yake ile pale ng'ambo. Badala yake mdomo wangu ukatoa shauri la Makori.

"Sijui, afande. Nimeokota njiani."

"Njia gani hiyo inaota chuma kama hii? Nionyeshe na mimi nilime."

Wenzake wakacheka, wakanifunga mikono. Na wewe fikiri kidogo kama mtu mwenye akili: yule anayebeba kitu asichokijua, amekitoa wapi kama si kwa kuiba? Ujinga niliojivika ndio uliokuwa ushahidi. Ningesema mimi ndiye mwenyewe, hata kama wasingeniamini, wangekuwa na kitu cha kwenda kuuliza. Niliwanyima hata hicho.

Kituoni walinivua nguo. Zote. Sitaeneza maneno hapo, umeelewa, na ndiyo sababu hii ni barua. Nilisimama mbele ya vijana wa kuzaliwa nami, na mmoja wao alikuwa wa kwetu, wa ukoo tunaooana nao, akageuza uso ukutani kwa sababu ya chinsoni ileile. Yule koplo alikaa mezani akiichezea maikromita, anaizungusha mbele na nyuma.

"Inafanya kazi gani?"

"Sijui, afande."

"Hujui? Basi leo tusome pamoja. Leta kidole."

Akaingiza kidole gumba changu cha kulia kwenye mdomo wa maikromita, akazungusha. Kile kishikio cha mwishoni kinacholia na kuteleza hakukigusa. Alishika pipa lenyewe la kuzungushia kwa ngumi nzima. Nami nilikuwa najua, hata katika hali ile, kwamba anafanya vibaya. Ulimi ulikuwa unataka kusema, si hivyo, unaharibu fremu. Unaweza kuamini? Kidole ni changu, kucha inapasuka, na mimi naonea uchungu fremu, ule upinde wa chuma. Akauliza tena inafanya nini. Nikasema sijui. Akazungusha. Nikasema sijui.

Kucha hiyo ndiyo unayoijua, iliyoota imepinda. Ulipokuwa mdogo uliishika ukauliza, nikakuambia ni jiwe la kinu. Halikuwa jiwe.

Mwenye kambi alikuja akaletewa kikasha, akakitazama, akasema si chake, vyake vina alama yake na vyote vya namna hiyo anavyo. Basi. Ilikuwa imekwisha hivyo, kama mtu aliyeletewa kuku asiye wake. Nikapewa suruali. Inspekta, mkuu wa kituo, akanirushia maikromita, sikuidaka, ikaanguka mezani, akaniambia nyinyi watu mnapenda kubeba vitu msivyovijua.

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Kidole kilipona. Hiyo "ndiyo, bwana" mpaka leo nikiikumbuka nikiwa na jembe naliacha jembe. Mama yako alikuwa nje ya lango la kituo, ametembea na chakula, na hajawahi kuniuliza kilichotokea ndani. Aliona mkono akajua. Kwa hiyo jana Makori alipotaja askari, yeye aliona lango lile, akaupeleka mkono kwenye mfuko wa unga. Namwelewa. Hasira zangu si juu yake. Ziko juu ya koplo ambaye huenda leo ni sajenti mwenye pensheni, juu ya inspekta ambaye hata hakuniangalia usoni, juu ya dunia ambayo mtu akiwa na rungu haulizwi amelitoa wapi lakini akiwa na chombo cha kupimia anavuliwa nguo. Na juu ya shauri lile, ambalo limezunguka na kurudi kwenye nyumba yangu likiwa limevaa koti, likamkuta mwanangu naye akasema ee.

Nilipofika nyumbani niliifuta, nikaifunga mdomo, nikasikiliza tik, tik, nikatazama. Haikukaa kwenye sifuri. Ilipita. Kwa ngumi ile fremu ilikuwa imefunguka kidogo, na mdomo ulipokutana namba ilikuwa imekwenda mbele ya sifuri kwa thau moja na nusu. Maana yake kila kitu utakachokipima nayo kitaonekana chembamba kuliko kilivyo, kwa thau moja na nusu.

Umeanza kuelewa?

Spana ndogo ya kuirudisha sifuri ilikuwa kwenye kifuniko. Fundi alinifundisha, ni kazi ya muda mfupi. Sikuifanya. Nilisema moyoni, hapana, ikae hivyo, ni shahidi wangu, hakuna mwingine. Na tangu siku hiyo kila nilichopima, vinu vyote vya mto huu, injini za kina nani wote, nilikuwa nikisoma namba kisha naongeza moja na nusu kichwani. Kazi zangu zilitoka sawa, hakuna aliyejua. Kila nikiongeza, nilikuwa namkumbuka koplo. Nilidhani hiyo ndiyo namna ya kutosahau.

Kisha nikakufundisha wewe. Nilikuambia, soma namba, ongeza moja na nusu, hiyo ndiyo kanuni. Siku moja ukaniuliza, "Tata, kwa nini tunaongeza?" Swali zuri kabisa, swali la fundi. Nikakufokea ufanye ulivyoambiwa. Ningekujibu vipi? Ningeanza na daraja, ningefika kituoni, na kituoni kuna mambo mwana hayasikii. Kwa hiyo ukaacha kuuliza, na ukafikiri kwamba maikromita zote za ulimwengu huu zimeumbwa na Mungu pungufu ya thau moja na nusu.

Hazijaumbwa hivyo. Ni hii moja tu, na ni kwa sababu ya kidole changu.

Ukifika karakana watakupa ya kwao, nzima, iliyonyooka, wakuambie upime kipande. Nawe kwa utii wako utaongeza moja na nusu. Nimeliona jambo hilo wiki hii nzima kila nikifumba macho: msimamizi anachukua namba yako, anapima mwenyewe, anakutazama. Na kama umemfuata Makori na kusema hujui lolote, atasema kweli hajui. Na kama hukumfuata, atasema ni mwongo. Pande zote mbili ningekuwa nimekuponza mimi. Sikuwa tayari, Momanyi. Chinsoni naiheshimu, lakini nimeuliza nafsi yangu kama heshima ile iliwekwa ili mwana aharibikiwe na kazi, na sijaona mzee yeyote wa kwetu ambaye angekubali hilo.

Kwa hiyo usiongeze tena. Popote utakapopewa maikromita, iwe ya nani, futa nyuso, funga, sikia mlio, tazama sifuri imekaa wapi. Ikiwa imekaa, soma namba ilivyo na useme ilivyo. Ikiwa haijakaa, sema haijakaa, hata kama aliyekupa ana nyota begani. Masizi yale ya mama yako, unga huu wa Makori, ngumi ya koplo, vyote vinaonekana pale ukifunga kwanza.

Sasa hii yetu. Nimeisafisha, haitoi unga tena. Nimeishikilia mbele ya taa imefungwa na hakuna mwanga unaopita kati ya nyuso zake, kwa hiyo bado zinakutana vizuri, ni namba tu iliyohama. Nimeirudisha kwenye kikasha chake, na kikasha kiko kwenye sanduku la bati, juu ya shati jeupe. Spana ndogo iko kwenye kifuniko. Nilikuwa nimeishika hapa mezani, nimeitia hata kwenye tundu lake, nikaitoa. Nataka uirekebishe wewe. Usiifanyie kitandani kwenye giza la bweni. Fanya kwenye meza ya kazi, mchana, watu wakiwa wanapita, mtu akitaka kutazama na atazame. Mimi nimemkumbuka koplo vya kutosha kwa ajili ya nyumba nzima, na wewe hukukutana naye.

Unga nimeufunga upya. Ni wa uji, pika uji.

Na Kisumu stesheni, askari akifungua sanduku, atakiona kikasha kwanza, kama nilivyotaka. Akiuliza ni nini, sema ni maikromita. Akiuliza inafanya nini, mwambie inapima. Akiuliza ni ya nani, sema ni yangu, nimepewa na baba yangu, ni fundi, yuko Kebirigo, kamuulizeni. Nitakuwa hapa. Mara hii wakija kuuliza watanikuta na jibu. Akitaka kuishika, mpe, usimnyang'anye, mikono ya watu ina haki ya kushangaa. Lakini akianza kuikaza kwa ngumi, mwambie taratibu, afande, usikaze, shika hapa nyuma, ukisikia mlio acha.

Siwezi kukuahidi kwamba hatakupiga kofi. Naogopa, sikufichi. Nimeogopa kiasi kwamba mara mbili jioni hii niliitoa sandukuni nikaiweka tena kwenye rafu, nikaona Makori ana akili kuliko mimi. Kisha nikatazama kidole changu na nikairudisha.

Nasikia mnarudi, mama yako anaimba ule wimbo wa mwisho wa maombi, na sauti ya Makori iko juu ya zote kama kawaida yake. Barua hii nitaitia kwenye kikasha, chini ya kitambaa cha buluu kilichotandikwa ndani yake. Nje yake nitaandika uisome mkishapita Kisii.

Kesho pale Kebirigo kutakuwa na watu wengi, na babu yako, na shangazi zako watalia. Nitakupa mkono. Nitakuwa sijui kama tayari umeifungua barua, maana nakujua, huwezi kuona karatasi ukaiacha. Ukinishika mkono utaigusa ile kucha. Usiangalie chini, na mimi sitasema kitu.

Baba yako